SOMO LA LISHE: KUPIKA NA KUPANGA CHAKULA KWA MTU ANAYEISHI PEKE YAKE

Katika masomo yetu ya lishe tumezoea kuzungumza juu ya mama mjamzito, mtoto mchanga na familia yenye watoto wengi. Leo tunazungumza na mtu mwingine ambaye mara nyingi husahauliwa: yule ambaye kwenye karatasi yake ya mgao kuna jina moja tu. Hapa Nakivale wapo wengi. Wapo vijana waliofika bila wazazi, wajane, wazee ambao watoto wao walibaki Kongo au Burundi, na watu waliotengana na familia njiani. Sisi wahudumu wa afya wa jamii tunapotembelea nyumba zao wiki ya mwisho kabla ya mgao, mara nyingi tunakuta jiko halijawashwa tangu jana.

Watu husema, "Huyo ana tumbo moja tu, hana shida." Si kweli, na somo hili litaeleza kwa nini.

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza:
1. Kupima mgao wake kwa kikombe na kujua utafika siku ngapi.
2. Kupanga milo ya wiki kwa mtu mmoja.
3. Kupika kwa kuni kidogo bila kuharibu chakula.
4. Kuanzisha chungu cha pamoja na majirani.
5. Kutambua dalili za hatari na kwenda kituo cha afya mapema.

KWA NINI MTU MMOJA ANA SHIDA YAKE

Kwanza ni kuni. Nusu kikombe cha maharagwe kinahitaji kuchemka muda ule ule kama vikombe vitatu. Familia ya watu sita inagawana moto mmoja. Wewe unaubeba peke yako. Ndiyo maana wengi wanaoishi peke yao huuza maharagwe na kubaki na unga.

Pili ni kiporo. Mtu mmoja hupika mara moja ili ale siku mbili au tatu, na chakula kinaharibika sufuriani.

Tatu ni upweke wenyewe. Mtu asiye na wa kula naye huona hakuna haja ya kupika. Anakunywa chai ya sukari, analala. Siku moja si neno, lakini wiki tatu za namna hiyo humwondolea mtu nguvu.

Nne, mgao wenyewe umepungua. Tangu mwaka 2020 umepunguzwa mara kadhaa, na tangu 2023 kaya zimewekwa katika makundi kulingana na uhitaji. Wengine wanapata chakula, wengine fedha, wengine kidogo kuliko jirani. Kwa hiyo usipange mwezi wako kwa kutazama mgao wa mwenzako. Pima wa kwako.

HATUA YA KWANZA: PIMA KWA KIKOMBE KIMOJA

Chukua kikombe kimoja na ukifanye kuwa kipimo chako mwezi mzima. Usibadilishe. Kikombe cha kawaida cha chai cha robo lita hubeba karibu gramu 150 za unga wa mahindi, au karibu gramu 200 za maharagwe makavu.

Kama umepewa mahindi ya punje, pima baada ya kutoka mashineni. Mwenye mashine akichukua malipo yake kwa mahindi, hesabu ya kabla ya kusaga itakudanganya.

Tutumie mfano. Mgao kamili unaojulikana katika kambi nyingi ni kwa siku moja gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi, wakati mwingine pamoja na gramu 50 za unga wa uji wenye mahindi na soya. Lengo lake ni kumpa mtu karibu kalori 2,100 kwa siku. Kwa siku 30 inakuwa hivi:

- Unga kilo 12: vikombe 80.
- Maharagwe kilo 1.8: vikombe 9.
- Mafuta gramu 750, yaani kama mililita 800: vijiko vikubwa 50 na zaidi kidogo.
- Chumvi gramu 150.

Sasa gawa. Asubuhi uji, nusu kikombe cha unga. Mchana ugali, kikombe kimoja. Jioni ugali, kikombe kimoja. Jumla vikombe viwili na nusu kwa siku. Kwa siku 30 ni vikombe 75. Vinabaki vikombe 5, na hivyo ni akiba ya siku mbili, kwa sababu gari la mgao huweza kuchelewa. Funga akiba hiyo katika mfuko wake na usiifungue kabla ya siku ya 30.

Je, kama umepewa nusu ya hapo? Una vikombe 40. Ukitumia viwili na nusu kwa siku, vitaisha siku ya 16. Ukigawa kwa siku 30, ni kikombe kimoja na theluthi kwa siku: theluthi ya uji asubuhi, kikombe kimoja cha ugali jioni. Chakula hicho hakitoshi mtu mzima, na hatutakudanganya kwamba kinatosha. Kupima hakuongezi unga. Kunakuonyesha siku ya kwanza, si siku ya 16, kwamba kuna pengo, ili utafute viazi, majani, au siku chache za leja leja ukiwa bado una nguvu za kushika jembe.

HATUA YA PILI: TOA KWANZA, GAWA BAADAYE

Tunajua watu wanauza sehemu ya mgao ili wapate sabuni, kuni, dawa au fedha ya mashine. Hatuandiki hapa kumlaumu mtu. Tunaomba jambo moja tu: amua siku ya kwanza vikombe vingapi vitauzwa, viondoe, halafu ndipo ugawe vilivyobaki kwa siku.

Katika mfano wetu, vikombe 10 vya unga ni chakula cha siku nne. Ukiviuza, ujue umeuza siku nne. Labda bado utaona inafaa, lakini utakuwa umeamua mwenyewe. Hatari ni kuuza kikombe leo na kikombe keshokutwa bila hesabu.

Wewe unayepata fedha: nunua unga, maharagwe, mafuta na chumvi ya mwezi kabla fedha haijaanza kutoka mfukoni kidogo kidogo. Uliza bei ya kilo, si bei ya kikombe au ya mfuko mdogo, halafu linganisha. Watu watatu au wanne wakichanga na kununua kwa pamoja, kisha wakagawana kwa mizani, mara nyingi hupata bei nzuri zaidi.

HATUA YA TATU: PANGA SIKU ZA MBOGA

Vikombe 9 vya maharagwe ni nusu kikombe mara 18. Kwa hiyo anayepika peke yake apange hivi: siku ya maharagwe, siku ya majani, siku ya maharagwe, siku ya majani. Kwa siku 30 utapika maharagwe mara 15, na unabaki na kikombe kimoja na nusu cha akiba.

Mfano wa wiki:

Jumatatu: maharagwe mchana na jioni.
Jumanne: lengalenga (hapa Uganda huitwa dodo) na kitunguu.
Jumatano: maharagwe mchana na jioni.
Alhamisi: majani ya maboga au matembele, pamoja na konzi ndogo ya dagaa. Wengine mnaziita ndagala, na wenyeji hapa mukene.
Ijumaa: maharagwe mchana na jioni.
Jumamosi: majani na nyanya; kama una viazi vitamu, kula badala ya ugali mchana.
Jumapili: maharagwe, au samaki kama umepata wa ziwani.

Kila siku weka kijiko kimoja na nusu cha mafuta katika mboga. Wengine huona mafuta ni anasa wakayauza yote. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, na mafuta ya mgao huongezwa vitamini A inayolinda macho. Pia vitamini A iliyomo ndani ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Funika chupa na iweke mbali na jua.

Kwa nini maharagwe na ugali pamoja? Kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu fulani ambao maharagwe huujaza. Ukila ugali na chumvi tu, tumbo linajaa lakini misuli haijengwi vizuri.

Mambo mengine matatu madogo:
- Nyanya, ndimu au pera pamoja na maharagwe na majani husaidia mwili kupata madini ya chuma, yanayoongeza damu.
- Chai huzuia madini hayo. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja.
- Chumvi yenye madini joto itiwe mwishoni mwa kupika na ihifadhiwe ikiwa imefunikwa, maana madini hayo hupotea.

KUPIKA KWA KUNI KIDOGO

1. Chagua maharagwe, yaoshe, yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine.
2. Chemsha kwa nguvu, mapovu yakipanda, si chini ya dakika 10. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Moto mdogo tangu mwanzo hauondoi sumu hiyo.
3. Baada ya hapo punguza moto, funika sufuria, acha yaive mpaka yabonyezeke kwa vidole.
4. Tumia sufuria ndogo inayolingana na chakula chako. Sufuria kubwa kwa nusu kikombe ni kuchemsha hewa.
5. Pasua kuni ziwe nyembamba na zikauke. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na joto kidogo.
6. Ukimaliza kupika, zima moto. Makaa yaliyobaki ni ya kesho.

Magadi hulainisha maharagwe haraka, lakini hupunguza vitamini B1. Kuloweka ni bora zaidi.

Majani ya muhogo, yaani sombe, yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu, mwanzoni bila mfuniko, ili sumu yake itoke na mvuke. Kwa sababu yanakula kuni nyingi, sombe ni mboga ya kupika pamoja na wenzako, si ya mtu mmoja.

ONYO: Usiingize jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kukiwa na baridi au mvua, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Katika familia huenda mmoja akaamka na kuwaamsha wengine. Anayelala peke yake hana wa kumwamsha.

KIPORO

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Wengi wetu hatuna friji. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pika kinachoisha siku hiyo hiyo.

- Maharagwe yaliyopikwa mchana na kubaki kwa jioni yafunikwe, na jioni yachemke tena mpaka yatokote yote, si kupashwa moto juu juu.
- Mabaki ya jana yenye povu, utelezi au harufu ya uchungu, mwaga. Kumwaga kunauma, lakini kuharisha siku tatu kunakugharimu zaidi.
- Wali usilazwe. Kuna vijidudu ambavyo sumu yao katika wali haifi hata ukichemsha tena.
- Unga wenye ukungu, rangi ya kijani au ladha chungu usile, na usimpe kuku. Sumu ya ukungu haiishi kwa kupika. Weka mfuko wa unga juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta na udongo wenye unyevu.

CHUNGU CHA PAMOJA

Sasa tunafika kwenye shauri ambalo, tukitazama nyumba tunazotembelea, linawasaidia zaidi wanaoishi peke yao. Ni kupika mboga pamoja, huku kila mtu akiendelea kutunza mgao wake nyumbani kwake.

Tuchukue watu wanne majirani. Kila jioni kila mmoja analeta robo kikombe cha maharagwe. Chungu kinapata kikombe kimoja kamili. Yanaiva pamoja, yanagawanywa kwa upawa mmoja, yanaisha jioni ile ile. Hakuna kiporo. Kwa mwezi kila mtu ametumia vikombe saba na nusu kati ya 9, na amekula maharagwe kila siku badala ya siku moja kwa mbili. Kuni ni kwa zamu: kila mtu analeta siku moja katika nne. Anayetoka alfajiri kwenda leja leja hana haja ya kukaa jikoni mchana. Siku ambayo si zamu yake anakuta chakula.

Ugali kila mtu anaweza kusonga kwake, au msonge pamoja kwa kupima vikombe.

Ili chungu kisivunjike, wekeni sharti tangu siku ya kwanza:

1. Kikombe cha kupimia ni kimoja, na kila mtu anapima mbele ya wenzake.
2. Zamu za kuni, maji na kuosha vyombo ziandikwe au zisemwe wazi.
3. Asiye na kipimo siku fulani aseme mapema, na wenzake waamue namna ya kumsaidia na atarudisha lini.
4. Mmoja akiugua anapelekewa sahani yake. Aliyeharisha asipike mpaka apone kabisa.
5. Kila mtu ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula, na maji ya kunywa yawe yametiwa dawa au yamechemshwa.
6. Mpikie mahali pa wazi, mchana au jioni kabla ya giza. Kutafuta kuni mwende kwa kundi.

Sharti la saba tunaliandika peke yake. Malipo ya chungu ni kikombe cha maharagwe na zamu ya kuni, basi. Msichana au mama anayeishi peke yake akiombwe kitu kingine chochote ili apewe chakula, hilo ni kosa, si deni. Amwambie mhudumu wa afya wa jamii anayemwamini, au ofisi ya ulinzi. Habari zake hazitatangazwa.

Mwaweza pia kupanda bustani ya gunia: gunia la udongo uliochanganywa na samadi, mawe katikati ya kupitishia maji, matundu ubavuni, na mche wa sukuma wiki au lengalenga katika kila tundu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulimwagilia. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki chache.

WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi: usiache dawa kwa sababu chakula kimekwisha. Nenda kituoni useme wazi kwamba huna chakula; wahudumu watakushauri.

Mgonjwa wa kisukari: usiruke mlo ukiwa umechoma sindano au umemeza vidonge vyako. Eleza kituoni mapema siku ambazo chakula chako hupungua.

Mzee asiye na meno: ponda maharagwe yaliyoiva, yachanganye katika uji mzito pamoja na kijiko cha mafuta. Ale kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku.

DALILI ZA KUKUPELEKA KITUONI

- Nguo au mkanda umelegea kwa muda mfupi.
- Miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza panabaki shimo.
- Kizunguzungu, weupe wa viganja na ndani ya macho.
- Kutoona vizuri jioni wakati wengine wanaona.
- Kuharisha kusikoisha, au kuharisha damu.
- Kukosa hamu ya kupika na kula kwa siku nyingi, na kukaa umejifungia ndani.

Hiyo ya mwisho ni dalili kama hizo nyingine. Jirani, ukiona nyumba ya mtu mmoja haitoi moshi siku mbili, bisha hodi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu ana vikombe 60 vya unga kwa siku 30. Akiweka vikombe 4 vya akiba, atatumia takriban vikombe vingapi kwa siku?
2. Kwa nini maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu mwanzoni?
3. Katika kijiji chenu, nani anaishi peke yake? Nani ataanza kuwaita kwenye chungu?

Jibu la swali la 1: vikombe 56 kwa siku 30, yaani vikombe viwili pungufu kidogo. Asubuhi theluthi ya uji, mchana na jioni robo tatu robo tatu.

KAZI YA NYUMBANI

Siku ya mgao ujao, kabla ya kupika chochote, pima unga wako wote kwa kikombe, andika idadi kwenye karatasi au mkaa ukutani, na kila siku toa ulivyotumia. Mhudumu wa afya wa kijiji chako akija kukutembelea, mwonyeshe hesabu hiyo pamoja na mkono wako apime kwa mkanda. Asiyejua kuandika aweke kokoto katika kopo, kokoto moja kwa kikombe kimoja, na kila akipima unga atoe kokoto. Kokoto zikionekana zinaisha kabla ya siku, aje atuambie mapema.